Mzee Eliakim na Nozeli ya Tatu

Hebu mwone akilini mzee huyu akiingia Moshi mjini asubuhi, akitokea Old Moshi. Usitege sikio, hutasikia kitu. Kigari chake, Vitz nyeupe ya zamani, kinateremka mlima kimya kama paka aliyeiba nyama, maana mwenyewe amezima injini tangu alipoikamata barabara kuu. Kwa hesabu zake, mteremko ametoa Mungu na petroli anauza mwanadamu, kwa hiyo cha Mungu kitumike kwanza. Breki bila injini zimekuwa ngumu kama kisiki, anazikanyaga kwa miguu yote miwili, kiti kinalia chini yake. Usukani nao mzito. Kuku wengi wa barabara ile wamekufa bila kujua kilichowaua. Yeye mwenyewe ana kofia ya sufu, sweta la shingo ndefu hata jua likiwaka, mkono mmoja nje ya dirisha, na sura ya mtu anayekagua gwaride.

Huyo ndiye Mzee Eliakim. Mwache ateremke, tutamkuta chini.

Ujana wake wote aliendesha lori. Mahindi, kahawa, saruji, chochote kilichohitaji kufika Holili au kutoka Holili, yeye alikuwa juu yake. Lile lori lilikula dizeli na halikuwa na adabu wala malalamiko. Ulilinywesha dizeli yenye mchanga, likakohoa, likatema moshi mweusi, likaendelea. Likizima porini, Eliakim alishuka, akalitukana kwa Kichagga, akapuliza bomba kwa mdomo, akapanda tena. Ndivyo alivyojifunza magari, na kwa bahati mbaya aliamini kwamba magari yote yalizaliwa hivyo.

Alipostaafu alirudi kihambani kwake, kwenye migomba, kahawa, ng'ombe wawili na mkewe Elizabeth. Kanisani wakamfanya mzee wa usharika, kijijini wakamweka kwenye kamati ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji mashambani kwa zamu. Heshima ilikuwa tele. Ila kulikuwa na kidonda kimoja: alikuwa abiria. Mwanamume aliyeshika usukani tangu ndevu hazijaota sasa alikaa kiti cha pembeni, akikanyaga breki isiyokuwepo na kumwelekeza dereva. "Badili gia. Hapo unaua klachi. Nani alikupa leseni, shangazi yako?" Ilifika mahali madereva wakimwona barabarani wanaonyesha kwa mkono kwamba gari limejaa, hata likiwa na dereva peke yake.

Binti yake Magreth, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimhurumia akamnunulia ile Vitz. Alipomkabidhi funguo alimwambia mbele ya mama yake:

"Baba, hii ni ya kwanza na ya mwisho. Injini ikifa kwa ukaidi wako, sinunui nyingine. Utakaa nyuma ya bodaboda kama wazee wenzako."

"Amina," alijibu Eliakim, kwa namna ile ile anavyoitikia sala ndefu ambayo hakuisikiliza.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni la kwetu kabisa.

Kule juu hakuna kituo cha mafuta. Mzee akaona ni busara awe na akiba ya petroli nyumbani, kwani huwezi kujua nani atashikwa na uchungu wa kuzaa. Akamwomba mkewe dumu. Elizabeth akamwambia madumu yake ni ya maji na maziwa, atafute lake. Akazunguka nyuma ya banda la ng'ombe, akalipata moja kubwa, la njano, lililokuwa limepumzika. Dumu lile lilikuwa na historia yake. Lilibeba mbege kwenye harusi, kipaimara na matanga ya ukoo mzima, na wewe unajua mbege ilivyo: ndizi na ulezi, nzito, yenye machicha yanayoganda chini na pembeni kama uji uliosahaulika. Eliakim akalisuuza kwa maji ya moto, akaligeuza juu ya ua likauke, akasema limekuwa safi kuliko roho ya mchungaji. Akaenda kulijaza petroli.

Halikuwa safi. Halikuwa hata kavu. Kila alipomimina petroli kwenye tangi la gari, alimimina na tone la maji na chembe za ulezi. Juu ya hapo alikuwa na tabia ya kuendesha taa ya mafuta ikiwa inawaka. Wengine wakiona taa ile wanatafuta kituo. Yeye aliichukulia kama dalili kwamba gari liko hai. Basi pampu ikawa kila siku inanyonya chini kabisa ya tangi, palepale panapokaa uchafu.

Kigari kilivumilia kadiri kilivyoweza. Kisha kikaanza. Kikisimama, kinatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Kikipanda mlima, kinakosa nguvu, kinakohoa, kinashtuka. Halafu ikawaka taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye picha ya injini. Eliakim aliitazama taa ile kwa siku kadhaa. Mwishowe akaibandika plasta ya kidonda.

"Umefanya nini hapo?" Elizabeth aliuliza.

"Ilikuwa inanipiga machoni."

"Baba Magreth, taa ya gari inakuambia linaumwa, unaifunga mdomo?"

"Wewe ndiye daktari wake?"

Daktari alikuwepo, mjini, upande wa barabara iendayo Kahe. Anaitwa Gladys, mzaliwa wa Kilema, mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake. Kazi yake ni nozeli. Kwa asiyejua, nozeli ni kale kamdomo kanakorushia petroli ndani ya silinda ya injini, si kwa kuimwaga bali kwa kuipuliza iwe kama ukungu. Gladys anazifungua, anazisafisha, anazijaribu kwenye mashine yenye mirija ya kioo. Na anajisifu bila kupumzika. Ukuta wa karakana yake umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa hapashindikani kitu. Huwaambia wateja kwamba anaweza kutambua ugonjwa wa gari kwa simu, wewe ukiweka simu juu ya boneti.

Basi hapo ndipo tunapomkuta mzee wetu akiingia kimya, akisimamisha kigari kwa kukigotesha taratibu kwenye tairi kuukuu lililolazwa pale mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye anayekuamkia."

Eliakim akatazama nyuma yake, akatazama juu, kama fundi anaweza kuwa darini. "Haya," akasema. "Basi tutafanyaje."

Gladys akawasha injini, akasikiliza kidogo sana, maana alikuwa na wateja wengi na majivuno mengi zaidi, akatoa hukumu. "Plagi. Zimechoka. Tunabadilisha unaondoka." Akabadilisha. Gari likaondoka likiwa zima, kwa sababu kutoka pale hadi inapoanza milima ni tambarare. Kwenye kilima cha kwanza likakohoa kikohozi kilekile cha jana.

Kesho yake mzee alirudi, na safari hii alikuja injini ikiwaka, maana alitaka isikike. Karakana ilikuwa imejaa watu.

"Wewe! Mganga wa simu! Hizo plagi zako umezitoa kwenye cherehani?"

"Mzee, shikamoo kwanza. Lete tuangalie tena."

"Unaangalia nini? Mimi nimeendesha magari wewe hujatungwa mimba. Nilisema tangu mwanzo, mwanamke kufungua injini ni sawa na mimi kwenda kusuka watu nywele. Kasuke, mwanangu. Utakula."

Watu wakacheka. Gladys hakucheka. Alikuwa amekosea, na alijua amekosea, na hakuna kitu kinachomuuma mtu mwenye ukuta ulioandikwa vile kama hicho.

"Ondoa gari lako hapa," akamwambia. "Lipeleke kwa fundi wa malori alipulize kwa mdomo. Na ukilirudisha kwangu, nitalipaka rangi na kufugia kuku."

Wakaachana hivyo.

Sasa mwangalie Eliakim nyumbani. Hajui kwamba ana tatizo la nozeli, lakini anajua sauti ya gari linaloelekea kufa, kwani ameyasikia mengi. Alijaribu dawa zake zote. Alibadilisha kichujio cha hewa. Alimimina mafuta ya taa kidogo kwenye tangi, kama walivyofanya zamani, na gari likamjibu kwa moshi na harufu iliyomfanya Elizabeth aanue nguo. Alimuuliza fundi mmoja wa Kiboriloni, akaambiwa peleka kwa Gladys. Akamuuliza mwingine wa Majengo, akaambiwa peleka kwa Gladys. Akampigia rafiki yake Antoni wa Holili, waliyeendesha naye malori, akitumaini huko mpakani wana akili zaidi. Antoni akasema, "Kuna mama mmoja hapohapo Moshi, sauti kubwa, anaitwa nani yule..."

Na Magreth akapiga simu, kama apigavyo kila Ijumaa. "Gari liko salama, baba?"

"Liko."

"Mbona mama anacheka?"

Usiku ule hakulala vizuri. Alijiona nyuma ya bodaboda, amekumbatia kiuno cha kijana asiyemjua, kofia yake ya sufu imefunikwa na helmeti, na madereva aliowatukana wakimpungia mkono. Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwenye mpaka wa kihamba chake, akakata jani la isale.

Usharika una msamaha wake, na Mchagga ana wake. Ukimkosea mtu, ukamletea isale, hana njia ya kukataa kukusamehe. Hata kama ulimuulia ng'ombe. Hata kama ulimwambia akasuke nywele mbele ya wateja. Kawaida isale hupelekwa kwa mkono, na mtu mzima, kwa unyenyekevu. Eliakim aliufikiria unyenyekevu huo akauona mrefu. Akampungia Fredy wa bodaboda.

"Peleka hili kwa Gladys wa nozeli. Mwambie ni mimi."

"Mzee, isale linatumwa kwa bodaboda?"

"Linakwenda haraka zaidi. Nenda."

Gladys alipolipokea alikaa juu ya tairi lake akacheka hadi akafuta machozi kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi uso mzima. Akampigia mama yake Kilema, amuulize kama isale la kutumwa hivyo linahesabika.

"Limefika?" mama akauliza.

"Limefika."

"Basi umeshasamehe. Acha kupoteza salio."

Gladys akapanda Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mgongoni kwa Fredy, mfuko wa vifaa mapajani. Wenyeji walikuwa nyumbani, maana Eliakim alikuwa amemtumia mchungaji ujumbe kwamba anaumwa. Hakusema kinachoumwa ni gari.

Nyumba ya Mzee Eliakim iko bondeni. Kutoka uani kwake hadi barabara kuu ni njia ya kupanda, kali, nyekundu, yenye mawe, na inatokea mbele ya kanisa. Uiweke akilini njia hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepata salamu zangu?"

"Nimezipata. Zilikuwa na vumbi la Fredy."

"Basi yameisha."

"Mimi na wewe yameisha," Gladys akasema. "Gari sijui kama nalo limepelekewa jani."

Safari hii hakukimbia. Aliwasha injini, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya nozeli ya kwanza na mpini kwenye sikio, kama daktari. Tik-tik-tik-tik. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na kilio kizito, cha kukwama, mara ipo, mara haipo. Ya nne ikalia vizuri, lakini alipozima injini na kuzichomoa, hiyo ilikuwa inadondosha petroli kama bomba lililokatika mpira. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakinusa: petroli. Akafungua tangi, akachovya kitambaa, akanusa tena. Akatulia. Akanusa mara ya tatu.

"Mama," akamwita Elizabeth, "hebu njoo unuse hapa."

Elizabeth akanusa. "Hii ni mbege."

"Basi siko peke yangu. Mzee, gari lako limelewa."

"Usinitanie, binti. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Gari si mzee wa kanisa. Petroli unaiwekea wapi?"

Elizabeth akaenda nyuma ya banda, akarudi na dumu la njano, akaliweka katikati ya uwanja kama mtuhumiwa. Gladys akalimimina kwenye beseni. Petroli ilitoka, kisha maji kidogo, kisha tope la kahawia lenye punje. Kuku akaja akatazama, akaondoka.

Gladys akamwuliza kwa sauti ndogo, ambayo watu wa mjini hawajawahi kuisikia: "Baba, si uko kamati ya mfongo?"

"Niko."

"Mkiwa na mashamba manne kwenye mfongo mmoja, kila moja na mlango wake wa maji. Mtu akaziba mlango wa shamba la tatu kwa takataka. Inakuwaje?"

"Linakauka. Linaungua na jua."

"Na mlango wa la nne ukikataa kufunga?"

"Linafurika. Udongo wote mzuri unachukuliwa." Alikuwa ameshaamua kesi kama hizo maisha yake yote, na faini alizijua.

"Ndiyo injini yako. Silinda ya tatu inapata petroli kidogo, hewa nyingi. Unafikiri petroli ikiwa kidogo inawaka baridi? Inawaka kwa ukali, kama mkaa unaopepewa. Chuma kinapata moto ambao hakiwezi kuuvumilia, pistoni inaanza kuyeyuka. Ya nne inapata nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuharibu oili yote. Chuma kinasuguana na chuma. Na wewe unalipandisha mlima hivyo hivyo."

"Linapanda."

"Linapanda likiungua. Kwenye tambarare lingevumilia. Mlimani ndipo linapofanya kazi nzito, ndipo linapotoboka. Sasa nisikilize. Usiliwashe tena. Hata kulisogeza. Tunalisukuma hadi barabarani, nampigia jamaa yangu mwenye pikapu, analivuta kwa kamba hadi karakana. Ukiliwasha upande nalo hiyo njia, mimi sitakuwa na cha kutengeneza."

Eliakim aliitazama njia. Akatazama saa. Ibada ilikuwa inakaribia kumalizika. Kulisukuma gari hadi juu kungehitaji watu, na watu wenyewe ni wale watakaotoka kanisani: kwaya, wazee wenzake, mchungaji aliyeambiwa anaumwa, madereva wote aliowahi kuwafundisha kazi.

"Karibuni chakula kwanza," Elizabeth akasema, maana ukimwona mwanamume ametulia kiasi hicho ni heri umlishe. Alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage, na mtu aliyepanda mlima kwa bodaboda hakatai kiburu. Gladys akanawa, akaingia, akaketi. Kwa uaminifu wa kitaalamu alikuwa amerudisha nozeli mahali pake asiziache wazi kwenye vumbi. Kosa lake la pili hilo, ukiniuliza. Funguo zilikuwa kwenye gari.

Hakuwa amemeza tonge la kwanza waliposikia injini.

"Yesu na Maria!" akasema Gladys.

"Baba Magreth!" akasema Elizabeth.

Wakatoka mbio. Kigari kilikuwa kimeshaikamata njia, kinarusha mawe. Eliakim ameuinamia usukani kama anaunong'oneza. Alikuwa amejiambia kwamba ni mwendo mfupi tu, pumzi moja, akifika barabarani atazima na kuteremka hadi Moshi kimya, kwa heshima, na hakuna atakayejua. Lori lingefanya hivyo.

Mwanzoni kilikwenda. Kisha ukaanza mlio ambao Gladys anausikia hadi leo akila kiburu: kokoto ndani ya debe. Kadiri mlima ulivyokaza ndivyo kokoto zilivyozidi.

"Zima!" Gladys alipaza ile sauti yake yote. "Mzee, zima! Unakiua!"

Kanisani walikuwa kwenye baraka za mwisho. Waliohudhuria wanasema waliisikia "zima" ikiingia dirishani kabla ya "amina," na mpiga kinanda akaacha kupiga.

Na hapo, msikilizaji wangu, nampa Eliakim haki yake. Alizima. Hatua chache tu kabla ya barabara, mlango wa kanisa ukiwa umeshafunguka na watu wanamwagika nje, alikuwa na njia mbili, na mguu wake wa kulia ulitaka ile nyingine. Alizima, akavuta breki ya mkono, akatoa kichwa dirishani.

"Bwana asifiwe," akawaambia usharika mzima.

"Ameeen," wakaitikia, wakija kutazama.

"Mzee Eliakim, tuliambiwa unaumwa," mchungaji akasema.

"Naumwa, mchungaji."

"Unaumwa nini?"

"Nozeli," akajibu Gladys, akihema. "Ya tatu. Msaidieni kusukuma."

Walisukuma. Sauti ya pili ikasukuma upande wa kulia, besi upande wa kushoto, na kwa kuwa ni watu wa kwaya hawakuweza kusukuma kimya. Dereva mmoja aliyewahi kuambiwa anaua klachi aliinama dirishani akauliza kwa upole, "Meku, mzee wangu, nibadili gia?"

Eliakim alishika usukani, macho mbele.

Siku zilizofuata alikaa karakana, kwenye kigoda, kimya, kama mtu aliyelaza mgonjwa. Gladys aliziweka nozeli kwenye mirija yake ya kioo, akamwita aone. Mbili zilitoa ukungu mzuri. Ya nne ilitiririka. Ya tatu ilitoa uzi mwembamba uliopinda, kisha tone, kisha basi. Zikasafishwa, zikarudiwa, hadi mirija yote minne ikajaa sawasawa, na mzee akaitikia kwa kichwa kama anavyofanya zamu za maji zikienda bila ugomvi. Tangi likaoshwa. Kichujio kikatolewa, kimevimba ulezi, kikatupwa.

Kisha wakafungua kichwa cha injini, hapo ndipo hakutaka kutazama.

"Njoo," Gladys akasema.

Pistoni ya tatu ilikuwa imeliwa pembeni, kama hindi lililopitiwa na panya. Haikutoboka. Gladys aliigusa kwa kidole.

"Ungepanda hadi barabarani, hapa ningepitisha kalamu," akasema. "Mimi nami ningesikiliza vizuri ile siku ya kwanza, lisingefika hapa. Nilikimbilia plagi."

"Ulikimbia," Eliakim akakubali, kwa furaha ya kwanza aliyoipata wiki ile.

"Itafanya kazi. Ila imeshajeruhiwa. Ukiitunza itakwenda miaka. Ukirudia dumu, ukirudia kuendesha taa ya mafuta ikiwaka, ukirudia kuzima kwenye mteremko, ukibandika plasta, safari moja tu ya mlima inatosha. Na hakuna pistoni ya pili ya kuliwa."

Kigari kikafungwa, kikawashwa. Kikanguruma taratibu, bila kutetemeka, hata kikombe cha chai juu ya boneti hakikumwagika, na Gladys aliwaita majirani waje kukishuhudia kikombe hicho.

Simu ya Gladys ikalia. Alikuwa Magreth, na hakumpigia baba yake. Gladys akaiweka sauti ya juu.

"Dada Gladys, mama ameniambia yote. Mpaka kwaya. Mimi nilishasema yangu, injini ikifa sinunui nyingine."

"Haijafa."

"Ndiyo maana nakuuliza. Wewe ndiye umeiona ndani, na wewe ndiye umemwona yeye. Nikisema apewe, akaiua mwezi ujao, nitakuwa nimempa mwenyewe. Nikisema asipewe, atakaa kihambani akiangalia barabara mpaka afe. Mama ananiambia eti yeye alishasema tangu lile dumu, asiulizwe. Mimi niko mbali. Funguo ziko kwako. Amua."

"Mimi ni fundi, Magreth, si hakimu."

"Baba hapo anasema nini?"

Gladys akamtazama. Mzee Eliakim alikuwa amesimama, kofia mkononi, upara wake umepauka mahali ambapo jua halijawahi kufika.

"Mwambie," akasema polepole, "nilizima. Watu wote walikuwa wanatazama, na nilizima. Lile lori nisingelizima." Akafikiri. "Na lile dumu nimempa Antoni."

"Antoni wa Holili? Akalifanyie nini?" Magreth akauliza.

"Anaweka dizeli."

Kwenye simu Magreth aliguna, haikueleweka kama ni kicheko au kilio. Elizabeth, aliyekuwa ameketi kwenye kivuli na kikapu chake, alitazama upande wa pili. Eliakim akanyoosha mkono, kiganja wazi. Gladys alizigeuza funguo vidoleni, zikalia kidogo.

Haya, wewe uliyenifuata mpaka hapa, mzee amesimama mbele yako na mlima uko nyuma yake: ungempa?